Nyasi za Mradi

Mbarak, hawa watu wa kamati ya msitu hawana akili. Wallahi hawana!

Mwaka mzima wametuzuia kulisha msituni, eti nyasi zirudi. Zikarudi, mpaka magotini. Leo mgeni rasmi alikuwa anakuja kuziona. Wakazifyeka ili wasimamishe hema!

Wamezifyeka, Mbarak!

Nikaenda na gunia mbele ya watu wote. Nikamwambia mwenyekiti, “Swabir, nipe hayo majani. Ng'ombe aliyeniachia marehemu mke wangu Hasina hasimami kwa njaa.”

Akanijibu, “Mzee, hizi ni nyasi za mradi.”

Wakazitia moto. Na huyo mgeni hakuja.

Sasa wanatuambia tungoje mwaka mwingine, nyasi zirudi.

Nimefika nyumbani na gunia tupu. Ng'ombe amelinusa, amelilamba, akaniangalia.