Mtamba wa Meitamei na Karatasi ya Gari

Rhotia,
Karatu.
9 Juni 1979.

Mpendwa mwanangu Patrisi,

Pokea kwanza salamu za baba yako mkubwa. Hamjambo hapo Tanga? Kifua cha mtoto kimepona? Sisi wazima, isipokuwa goti la mama yako mkubwa Leonida, linamsumbua kwa baridi hii. Mahindi yamesimama vizuri, yangu kupita ya wote.

Ile pikapu uliyonitafutia bado mpya. Na ile karatasi, kwamba gari jipya la mtu binafsi halikaguliwi mpaka litimize miaka mitatu, niliibandika kiooni. Kila Jumapili nilimwonyesha jirani yetu Piusi, ambaye Landrova yake hupelekwa Arusha kukaguliwa kila mwaka kama mgonjwa. Nilimwambia mimi Serikali inaniamini.

Sasa sikiliza. Mwezi wa nne, Nareyu, mke wa rafiki yangu Meitamei, Mmasai wa huko juu Ngorongoro, alishikwa na uchungu siku mbili. Nilipanda kwenye ukungu ule, dereva mwingine asingethubutu, nikamshusha hospitali. Akajifungua salama. Meitamei akanipa mtamba. Kwao, mkishapeana ng'ombe hamwitani tena majina. Mnaitana Pakiteng, wewe na yeye, mpaka kufa.

Wiki iliyopita nikiwa naye tukasimamishwa kwenye kizuizi. Askari akauliza kama nabeba watu kwa malipo. Nikasema hapana, tena kwa sauti. Meitamei akasema, "Pakiteng, mwonyeshe karatasi twende." Kumbe askari amekulia Loliondo kwa Wamasai, anajua Pakiteng maana yake nini. Akacheka. "Mzee, huyo ng'ombe alikupa kwa kazi gani?" Mimi sisemi uongo. Nikasema.

Basi gari likabaki kituoni. Wanasema nikipokea kitu kwa kubeba mtu, gari si la binafsi tena, ni la kukodi, lazima likaguliwe. Ama nirudishe ng'ombe, karatasi ibaki. Siku sita nimezunguka hapa nyumbani kama ndume aliyefungwa. Nikirudisha mtamba, nimemwambia mtu kwamba mkewe na mtoto si kitu kwangu. Nikikaguliwa, Piusi amepata la kusema mpaka Krismasi.

Jana Meitamei alikuja kwa miguu. Akasema amchukue mtamba, ampitishe mbele ya askari, nisiaibike. Halafu akaniita Clemensi. Miaka sitini na minane naitwa hivyo, sijawahi kusikia jina langu likiwa baridi namna ile.

Nikamwambia arudi kwake mikono mitupu. Leo asubuhi nimekwenda kituoni nikaandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba gari ni la kukodi. Si kweli, na wao wanajua, lakini fomu yao haina mahali pengine pa kuandika. Karatasi wameibandua. Alhamisi nalipeleka Arusha. Piusi naye anakwenda siku hiyo, na ameshaniambia nikae nyuma yake kwenye foleni, maana mimi mgeni. Nitakaa.

Nisalimie mkeo Antonia, na shangazi yako Lusia mwambie asali yake imefika. Mungu awalinde nyumba nzima, mlalapo na mwamkapo.

Ni mimi nikupendaye bila kupungua, baba yako mkubwa,
Clemensi Sulle