Kifaransa Nilichokiacha Kidato cha Pili

Alhamisi. Joto la leo limenikalia kifuani, na stima imepotea tangu adhuhuri. Lakini si joto lililonikasirisha. Nimejikasirikia mwenyewe.

Mimi ni muuguzi katika kliniki ndogo karibu na Makadara, mwaka wa kumi na moja sasa. Wagonjwa wetu wengi ni wa mitaa ya Mji wa Kale, ila mara kwa mara hutujia Wangazija waliovuka bahari kutafuta matibabu Mombasa. Leo asubuhi alikuja Bi Echati, mama wa makamo kutoka Moroni, Visiwa vya Komoro, goti limemvimba hata kulikunja hawezi. Mpwa wake alimkalisha kwenye benchi, akatukabidhi karatasi za hospitali ya kwao, akatoka kwenda kununua laini ya simu.

Kingazija na Kiswahili ni ndugu. Tulisalimiana, tukaulizana hali, tukachekeana. Tulipofika kwenye ugonjwa, undugu ukakoma. Na zile karatasi zilikuwa za Kifaransa, tena kwa mwandiko wa daktari. Nilijaribu kuzitafsiri kwa simu, ikaniletea habari za mbuzi na dirisha.

Daktari wetu akaniuliza, "Sista Zuhura, si ulisema ulisoma Kifaransa?"

Nilikisoma, ndiyo. Miaka miwili, na Kidato cha Pili nilikuwa wa kwanza darasani. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo, marehemu baba akaniuliza nitakizungumza na nani hapa Mombasa. Nikakiacha, nikachukua Biashara, somo ambalo sijalitumia hata siku moja.

Basi nikaichukua ile karatasi kwa madaha. Nikaona jina la sindano ya maumivu tunayoitumia kila siku, na kabla yake maneno mawili niliyoyakumbuka: plus, yaani zaidi, na donner, yaani kupa. Nikasema kwa sauti ya mjuzi, "Wasema aongezewe hii."

Daktari akavuta dawa kwenye sindano.

Bi Echati alipoiona chupa ya dawa aliukumbatia mkono wake kifuani, akatikisa kichwa. Alisema jambo mara tatu, mbio mbio, akijigusa kiunoni. Sisi tukadhani aogopa kudungwa. Nikambembeleza, "Haiumi, mamangu, haiumi," kama ninayempoza mtoto.

Naandika haya na uso wanichoma.

Kilichonizuia ni herufi mbili. Kabla ya plus palikuwa na ne, ndogo, imebanwa pembeni. Nilijua ne hugeuza maana, ila sikukumbuka huigeuza vipi. Nikamwomba daktari angoje kidogo. Nikaipiga picha karatasi, nikamtumia Mwalimu Kadzo, aliyenifundisha Kifaransa, ambaye sasa amestaafu na anakaa Tudor. Hata sijaketi, akanipigia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Zuhura, hiyo sindano iko wapi?"

"Mkononi mwa daktari."

"Mwambie aiweke chini. Ne na plus zikiandamana, maana yake asipewe tena. Hapo chini wameandika kuwa dawa hiyo ilimdhuru figo."

Asipewe tena. Na mimi nilisema aongezewe.

Daktari aliitupa ile sindano bila kunitazama. Mpwa aliporudi alitueleza alichokuwa akisema shangazi yake: dawa ile ndiyo iliyomlaza hospitali majuma matatu. Bi Echati alitusemesha kwa maneno na kwa mikono, nasi tukamwambia haiumi. Alipewa dawa nyingine, na kabla ya kuondoka akanishika viganja vyote viwili akaniombea dua. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Watu wakitaja faida za kusoma Kifaransa hutaja hoteli, watalii na Ulaya. Mbeyu, niliyekaa naye dawati moja na ambaye hakukiacha, hushughulikia wateja wa Kinshasa katika kampuni moja ya makasha ya mizigo ya bandarini, Shimanzi, nami siku zote nilisema yule ana bahati tu. Hakuna aliyeniambia kuwa jirani zetu wa baharini, wanaoswali kama sisi na kula wali wa nazi kama sisi, huandikiwa magonjwa yao kwa lugha hiyo. Au labda Mwalimu Kadzo aliniambia nami sikuwa nasikiliza.

Na bado sijaandika linaloniuma zaidi.

Wiki iliyopita binti yangu Swafiya, aliyeingia Gredi ya Kumi, aliniletea fomu ya masomo niitie sahihi. Alikuwa ameandika Kifaransa. Nikamuuliza kitamfaa nini. Akasema, "Nakipenda tu, mama." Nikamwambia kupenda si kazi. Akafuta, akaandika Biashara, nikatia sahihi.

Leo nilimkuta jikoni akikata mabamia. Nikamweleza yote, hata lile la haiumi. Alisikiliza bila kuacha kukata.

"Kwa hivyo leo ndio kinafaa?" akauliza.

Nikamuuliza ile fomu iko wapi.

"Mwalimu ashapeleka orodha, mama."

Nikamwambia nitakwenda skuli mwenyewe asubuhi, nimwombe mwalimu mkuu abadilishe. Ndipo alipokiweka kisu chini.

"Usiende kwa sababu ya huyo mgonjwa. Nenda kwa sababu nilikwambia nakipenda."

Ana miaka kumi na tano. Akaosha mikono, akaniachia mabamia yaliyobaki, akaingia chumbani kwake.

Nimeyamaliza kuyakata. Kesho nitakuwa mlangoni mwa mwalimu mkuu kabla kengele haijalia, nitasema kosa ni langu, wala sitamtaja Bi Echati. Wakinikubalia, alhamdulillahi. Wakinikatalia, nitamwambia nini mwanangu?