Kidole Sikukiweka

Jumatano, baada ya alasiri

Siti amekilamba kidole changu gumba sasa hivi, akakunja uso kwa uchungu wa wino. Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu babake awekwe mahabusu kwa zile boriti za mikoko.

Wino ni wa karani wa baraza. Asubuhi alinishika mkono, akanipaka, akanisogezea karatasi. "Weka dole hapa, mama, umwone mumeo."

"Ngoja niisome kwanza, bwana."

"Ala! Mke wa mkata boriti kawa kadhi lini?"

Nikasoma polepole. Eti nashuhudia kwamba Shabani alikata bila kibali. Kibali alikuwa nacho, nilimtilia mwenyewe mfukoni. Nikasema nitasema kwa mdomo wangu, mbele ya liwali. Kesho ndiyo kesi.

Basi nikarudi bila kumwona. Nimepika wali wa kumtosha na yeye, kwa mazoea.

Naogopa kesho sauti itanikauka. Lakini mtu hafungwi kabla ya kusikilizwa. Karani analijua hilo, ndiyo maana alikitaka kidole changu.

Mavyaa, mamake Shabani, ananiita uani: "Mama Siti, njoo hima! Karani kaja na karatasi, ataka dole langu!" Naenda, asije akaliweka kabla sijaisoma.