Zita na Wimbo wa Kihispania

Jumamosi, 12 Julai 2025
Nimerudi Louisville. Miguu imevimba. Mwendo wa saa tatu na nusu kwenda Columbus, saa tatu na nusu kurudi – kwa ajili ya dakika kumi kwenye maegesho ya kituo cha mafuta! Tangu tuachane na Eliezer mambo ndiyo haya. Yeye anateremka kutoka Buffalo, mimi napanda kutoka huku, Columbus ndipo tunapokutana. Tunakabidhiana mtoto. Zita atakaa kwa baba yake mpaka tarehe mbili Agosti.

Njia nzima wimbo mmoja! Ule wa Kihispania unaopigwa kila mahali msimu huu. Mara kumi na moja. Nikamwambia, mwanangu, hakuna mwingine? Akanijibu kwa Kiingereza kwamba huo ndio wimbo wa mwaka. Miaka kumi na mitatu, anajua yote. Hakugeuka kuniaga. Au aligeuka, mimi nikawa natafuta funguo.

Jumatatu, 14 Julai
Kazini – wimbo uleule! Wahondurasi wa mkanda wa pili wa kupitisha maboksi wana spika yao. Nshombo, Mkongo wa Bukavu tunayefunga naye maboksi, anatikisa mabega huku anabandika lebo. "Sikia, mama Zita! Inaanza pole pole sawa rumba, bon, kisha inaingia sebene!" Ni kweli. Gitaa linabembeleza kwanza, kama mtu anayeomba radhi. Halafu ngoma zinakimbia. Mimi nilikuwa nawaza kiti tu.

Alhamisi, 17 Julai
Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tisa. Maboksi. Nimekula nimesimama.

Jumapili, 20 Julai
Zita amenipigia kwa video. Alikuwa jikoni kwa baba yake, kule mtaa wa Kensington-Bailey, pamoja na Yaritza – mwanamke anayeishi na Eliezer sasa, mtu wa Puerto Rico. Tazama miguu yangu, Mama! Wimbo ni huohuo. Yaritza amemfundisha: penye taratibu ni bachata, ukikimbia ni merenge, mabega yatulie, kiuno kifanye kazi chenyewe. Na anacheka! Kicheko cha meno yote. Sijakisikia tangu Krismasi. Nikasema vizuri, vizuri. Yaritza akanipungia mkono wenye unga. Nilitaka kumchukia. Nimechoka mno hata kwa hilo.

Jumatano, 23 Julai
Nimemuuliza Mirta, mmoja wa wale Wahondurasi wa kazini, maneno ya wimbo yanasema nini. Akafikiri. Kwa Kiingereza chake na changu tumefika hapa: mwanaume anamwomba mwanamke wacheze mara moja zaidi kabla mvua haijanyesha. Basi? Basi. Na mimi nilidhani kuna siri humo.

Jumamosi, 26 Julai
Eliezer amepiga. Sauti ya upole – nikajua kuna jambo. Zita anataka kubaki Buffalo. Asome huko mwaka mzima. "Mama Zita, sikumfundisha maneno haya, Mungu ni shahidi." Nikapiga kelele. Nikamwambia mengi, hata ya zamani, hata ya kambini Mtabila, kabla hatujaja Marekani. Nikakata.

Baadaye kidogo akapiga Zita mwenyewe. Nikamuuliza nimekukosea nini? Akasema sijamkosea. Ila ukitoka kazini unalala, Mama. Nikikusimulia kitu unalala.

Mwezi wa tano alikuwa ananisimulia habari za rafiki yake aliyehama shule. Nilisinzia na kijiko mkononi. Nilipozinduka alikuwa ameshaosha vyombo, ameenda chumbani.

Jumapili, 27 Julai
Kanisani nilitaka kuomba. Mama Nyirangabo, aliyekaa kando yangu, akanigusa bega – nilikuwa nakoroma.

Jumatano, 30 Julai
Nimemwambia Nshombo yote, wakati wa mapumziko, tumekaa nje. Hakunipa pole. Akanitazama tu, akasema: "Mutoto hakukatae weye. Donc, anakataa ile kuchoka yako." Nikalia kidogo. Kengele ikalia, tukarudi.

Kuchoka kwangu! Kama ni vazi nimelivaa kwa hiari.

Ijumaa, 1 Agosti
Supavaiza ametangaza: kesho ovataimu, watu wote. Nikasema siwezi, naenda Columbus kumchukua mwanangu. Akasema itaandikwa kwenye faili langu. Andika, nikamwambia. Sijui sauti ile niliitoa wapi. Jioni nimetandika kitanda cha Zita, shuka za njano.

Jumamosi, 2 Agosti – Columbus, ndani ya gari
Wamefika. Eliezer na Zita. Begi halipo. Nilitafuta begi kabla sijamtazama mtoto usoni – Mungu anisamehe. Amesuka nywele upya, amependeza.

Tangu Cincinnati nilikuwa napanga maneno. Mimi ndiye mama. Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Kitanda kimetandikwa. Kilichotoka mdomoni: "Umekula?"

Hajala. Tumekaa kwenye ukingo wa maegesho, tumekula viazi kwenye karatasi. Nikasubiri aniombe kubaki. Hakuomba hilo. Kesho mchana wanacheza, yeye na wasichana wanne, kwenye sherehe ya mtaani kwao Yaritza, Lackawanna, kando ya Buffalo. Wimbo ule. Anataka nije nimwone. Mambo ya shule tutayaongea baada ya hapo, amesema, mimi na yeye, bila Baba.

Buffalo! Mwendo wa saa tano tena kutoka hapa. Jumatatu alfajiri natakiwa kazini. Goti linauma. Eliezer anasema nitalala kwa dada yake, mama Enoki, ameshamwambia. Kwa hiyo walijua nitakubali? Sijakubali. Nimesema nipeni dakika kumi nifumbe macho.

Sijayafumba. Naandika.

Eliezer amewasha gari lake. Zita ameshuka tena – anakuja upande huu. Amefungua mlango, ameketi kando yangu, amefunga mkanda.

"Nitakuonyesha njia," anasema. Kwa Kiswahili!

Buffalo niliishi miaka kumi na tano kabla ya kuhamia Louisville. Yeye mwenyewe nilimzaa hukohuko. Njia naijua hata gizani.

Nimemwambia: haya, tunaanzia wapi?