Mbuzi Wetu ni Wangapi

Nuu, Jumanne

Hakuna hata mmoja aliyejibu. Dodoso langu la utafiti liko kwa grupu la WhatsApp la wafugaji tangu asubuhi, wote wameliona, na ni kimya. Watu ambao jana walibishana siku nzima juu ya dawa ya kupe!

Msimamizi wangu wa chuo anasema siku hizi data inakusanywa mtandaoni, ni rahisi. Rahisi kwake.

Jioni mama akanifuata jikoni amekasirika. "Mwende, ni wewe unauliza watu mbuzi wao ni wangapi? Mama Musyoka wa kanisani amenipigia simu, anauliza kama nilikulea bila adabu."

Nikamwambia ni utafiti wa digrii, majina hayaonekani.

"Mifugo haihesabiwi hivyo. Unataka wakufe?"

Bila hilo swali sura nzima ya utafiti inaanguka, na msimamizi nitamwambia nini...

Nikajaribu kwa upole. "Na wetu, mama, ni wangapi?"

"Wako tu," akasema, akafunika sufuria.

Nimezaliwa kwa hii boma na mpaka leo sijui. Halafu nilitarajia majirani waniambie kwa simu.