Umeondoka na Nusu ya Katiba

Zuhura, shoga yangu,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwepo ungeniona tu usoni, ungesema, "Haya bibi, teremsha mzigo huo, halafu tule." Basi nauteremsha. Umekufa kabla ya mtihani wa sheria ya katiba, na umeondoka na nusu ya katiba ya watu.

Tuligawana, si unakumbuka? Kama tulivyokuwa tukifanya kwenye diskasheni za chuo, wewe Unguja, mimi Dodoma, kabla hatujajuana: kila mtu anachukua mada yake, anaisoma mpaka imkubali, kisha anawafundisha wenzake. Mimi nikachukua haki za raia. Wewe ukachukua mgawanyo wa madaraka, lipi ni la Bunge la nchi hii ya ugenini, kule Ottawa, na lipi ni la majimbo. Nikakufundisha zangu zote pale mezani kwenu Kingsview Village, ndege zikipita juu ya ghorofa mpaka tunanyamaza kuzisubiri. Zamu yako ilipofika ukasema kichwa kinakuuma. Ukasema ni kusoma tu. Ukanywa vidonge, ukalala.

Kichwa kile, Zuhura! Kwa nini hukukipeleka hospitali? Wewe uliyekuwa ukibishana na kila mtu, na kondakta wa treni, na karani wa benki, na mimi, kwa nini siku hiyo ulikubali yaishe kirahisi hivyo? Na hukuniachia hata mstari. Maelezo yako yote yalikuwa kichwani, maana ulisema kuandika ni kupoteza muda, utanieleza kwa mdomo. Mdomo wenyewe uko wapi sasa?

Hali yangu unaijua. Dodoma nilikuwa wakili, nasimama mahakamani na joho langu. Hapa bado napokea simu na kubeba mafaili ya wenzangu kwenye ofisi ya mawakili kule Richmond Hill, na mtihani huo ndio karatasi ya mwisho iliyobaki kati yangu na nafasi ya wakili mwanafunzi. Bwana Karim, bosi wangu, amenisubiri kwa wema wake wote. Juzi akanisimamisha mlangoni na Kiswahili chake cha utotoni Upanga: "Anneth, nafasi yako ipo, lakini till September tu. After that, sina ujanja." Nikamwambia ahsante. Ningemwambia nini kingine?

Baada ya kukuzika nikachukua kitabu nisome nusu yako mwenyewe. Kikanishinda. Si kwamba ni kigumu, ndiyo maana nilipandwa na hasira. Kuna swali la mazoezi linahusu jambo jipya, ambalo wazee waliotunga katiba hawakuliota, halimo kwenye orodha ya Ottawa wala ya majimbo. Je, ni la nani? Nikaandika bila kusita kwamba ni la jimbo. Mwalimu wetu wa darasa la mtandaoni akanirudishia, hapana. Nikajaribu swali jingine, nikakosea palepale. La tatu, hivyo hivyo. Mkono unakwenda huko wenyewe, kwa sababu kwetu Mambo ya Muungano yameorodheshwa, na lisiloorodheshwa Zanzibar inajiamulia. Ndivyo nilivyofundishwa, na nimelizoea kama jina langu. Wenzangu darasani wametoka nchi nyingine, wananishangaa. Kosa lile angelielewa mtu mmoja tu katika mji huu mzima, naye nimemtupia udongo kwa mkono wangu.

Nikakifunga kitabu. Nilikaa siku kadhaa sitaki hata kukiona.

Kisha tukasoma hitma ya arobaini yako nyumbani kwa kaka yako. Mama yako amekuja kutoka Unguja. Amevaa koti lako la baridi juu ya buibui, na ndani ya nyumba yenye joto hivyo hakubali kulivua. Tumepika wali wa nazi, watu wamekula, wamemaliza, na mama akaanza kukwangua sufuria. Akauweka ukoko kwenye sahani, akatutazama sote pale jikoni, akasema, "Mwenyewe hayupo. Sasa nimpe nani?"

Hapo ndipo sauti yako iliponijia. Kila tulipokula ulikuwa unalivuta lile sufuria upande wako: "Nyama tumegawana, mchuzi tumegawana. Ukoko haukutajwa, na usiotajwa ni wa Zanzibar!" Nami Mbara wako nakubali, kwa sababu kubishana na wewe kunachosha. Na ile siku uliyotoka chumbani umekikumbatia kitabu, umenuna, ukaniambia, "Nchi gani hii, Anneth? Hapa ukoko unapelekwa Ottawa!" Nilicheka. Nilidhani una njaa.

Kumbe ulikuwa unafundisha. Ulishaanza zamu yako, na mimi nilikuwa nacheka tu.

Nikamwambia mama anipe mimi. Nikaula pale pale nimesimama, nalia, naye akanishika bega akidhani ni msiba peke yake. Ulikuwa msiba, lakini na hasira ilikuwemo. Jambo dogo kama lile, mpaka ufe ndiyo nilielewe!

Nikarudi kwenye kitabu nikianzia hapo. Mambo hayaishii kwenye ukoko, majimbo nayo yana mkono mrefu, hasa kwenye mali na shughuli za watu wao, lakini angalau nilijua pa kusimama. Jana nimefanya mtihani. Swali likaja, si lile lenyewe, ni ndugu yake. Nikauhisi mkono unataka kwenda Unguja. Nikauzuia. Nikaandika Ottawa, nikatoa na sababu. Majibu bado, kwa hiyo usianze kunipigia vigelegele huko uliko.

Amekuja msichana mpya darasani, Rehema, wa Mwanza. Leo kanipigia, kwa adabu kabisa: "Dada, tugawane mada?" Nikamjibu hapana kwa ukali, maskini. Ikabidi nimwombe radhi. Nikamweleza kwamba tutasoma pamoja, maana huenda nikaurudia mtihani, lakini kila mtu asome zote. Simgawii mtu tena nusu ya kitu ninachokihitaji. Jumapili anakuja kwangu, nitamfundisha nusu yako kwanza, na nitapika wali wa nazi ili aelewe upesi kuliko nilivyoelewa mimi.

Buriani, Zuhura. Hasira haijaisha, nitaibeba kidogo kidogo, nawe univumilie kama ulivyozoea. Kwenye karatasi yao niliandika kwamba kilichobaki ni cha Ottawa, kwa kuwa ndiyo sheria yao na mimi nataka kazi. Lakini nyumbani kwangu nakuahidi, tukishagawana nyama na mchuzi, usiotajwa ni wa Zanzibar. Rehema atauomba, najua, ana umri wa kupenda ukoko. Nitampa. Ila kwanza atauliza ni wa nani, nami nitamwambia.

Mbara wako,
Anneth