Mikono Mirefu, na Uvimbe Tuliouzoea

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Fundi, na bado wapo wateja wanaopita dukani kuuliza kama suruali zao ziko tayari. Mkeo huwaambia waingie, wakae kidogo. Hawezi kuwaambia mlangoni.

Ulikuwa mtu wa mzaha, hata pini zikiwa mdomoni. Mtaa mzima ulikuita Mikono Mirefu, maana jua liwake lisiwake ulivaa shati la mikono mirefu ulilojishonea mwenyewe. Mteja mwenye kitambi ulimpunguzia maneno, si kitambaa. Aliyefiwa ulimshonea kwanza, wengine wakangoja.

Chini ya shati hilo kulikuwa na mabaka ya rangi ya kahawa uliyozaliwa nayo, na vinundu laini vilivyoota ukubwani, kimoja baada ya kingine. Mama yako alisema alimwagikiwa na chai ya moto akiwa na mimba yako. Sisi tulikubali, yakaishia hapo. Wewe uliviita vinundu "wapangaji." "Hawahami wala hawasalimii," ulikuwa ukisema, nasi tunacheka.

Kisha kikaota kimoja karibu na kiuno, kikaanza kuuma. "Huyu mpangaji mpya ana kelele," ulimwambia mkeo mchana mmoja mezani. Naye huku anapakua akajibu, "Utamzoea tu, kama wenzake." Mlicheka nyote wawili. Mazoea yana taabu, Fundi. Nyumba nyingine wangeona uvimbe ule wangeshtuka. Sisi tulikuwa tumeviona vingi mno.

Hukulalamika tena. Tulipokufikisha hospitali mguu ulishakufa ganzi, na tukaambiwa tumechelewa.

Baada ya mazishi mkeo alifungua daftari la vipimo ili awarudishie watu vitambaa vyao, akakuta ukurasa usio na jina la mteja. Inchi moja na nusu. Mbili. Mbili na robo tatu. Nne. Alidhani ni vipimo vya mifuko, mpaka alipoona tarehe. Ulikuwa ukijipima uvimbe mwenyewe, kwa miezi mitano, na hukumwambia mtu.

Daktari wa mishipa ya fahamu alitueleza polepole, akichora kwenye karatasi. Hakuna chai iliyomwagika. Ni hitilafu ya kurithi, si wengi wanaozaliwa nayo, inayojionyesha kwenye ngozi na kuotesha vivimbe kwenye mishipa ya fahamu. Vinundu vingi havina madhara. Kinachokua haraka na kuuma huenda kimegeuka saratani, na ndicho cha kukimbiza hospitali. Maelezo yenyewe yalikuwa mafupi hivyo. Mkeo huyarudia akifua, akipika, akifunga duka. Tukimwambia asijilaumu, anasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Na mabaka yale anayo kitinda mimba wako. Uliyahesabu siku aliyozaliwa, ukasema, "Huyu wangu, ana muhuri." Daktari amethibitisha. Dawa ya kuyaondoa hakuna. Kilichopo ni kumpima kila mwaka, na kumsikiliza.

Basi tunamsikiliza hadi tunamtisha. Akijikuna tu, mkeo anasimama. Mwezi uliopita mwalimu wake alituita shuleni: mtoto hawezi kukaa kitini, mgongo unamuuma, na hiyo ilikuwa siku ya nne. Nyumbani hakuwa amesema lolote. Mkeo alimuuliza kwa nini.

"Nilijua utalia, mama."

Picha ya mgongo imeshapigwa. Majibu bado. Tumechoka, Fundi, na tunaogopa.

Unakumbukwa na mkeo. Mama yako mzazi, ambaye bado anaulizia ile chai. Kaka yako mkubwa, anayeitia cherehani yako mafuta ingawa hakuna anayeitumia. Mwanao wa kwanza. Na kitinda mimba wako.

Siku zote tutakukumbuka. Kama huko uliko mtu husikilizwa, mwombee mwanao.